Muziki wa okestra wa chini kwa chini kwa filamu ya familia: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. Mtu amepewa filamu yake ya kwanza, inahusu baba na binti waliokosana, au ndugu wanaogombea nyumba ya urithi, na mwongozaji amemwambia: "Nataka nyuzi, nataka okestra, lakini isizidi." Basi anauliza: nianze na ala gani? Nitafute sauti zipi? Na lile linaloulizwa kuliko yote: kwa nini muziki wangu nikiusikiliza peke yake ni mtamu, nikiuweka kwenye picha unaharibu sini?

Hilo la mwisho nalijibu mapema, maana ndilo linaloongoza hatua zote zinazofuata. Katika filamu ya familia mwigizaji ameshalia. Muziki ukilia pamoja naye, mtazamaji habakiwi na kazi yoyote. Anakaa anaangalia watu wakilia kwa niaba yake. Muziki wako unatakiwa kusema kidogo kuliko sura ya mwigizaji. Ukishika hilo, hata ukiwa na ala nne tu utafika mbali.

Nadharia nimeiweka kidogo sana. Kama umewahi kuimba kwaya kwa solfa, unajua ya kutosha kuanzia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha iliyofungwa: mhariri amemaliza kukata na mwongozaji ameridhia. Ukianza kutunga kabla ya hapo, kila sekunde mbili wanazoondoa zinakubomolea kazi.
- Nakala ya filamu yenye saa inayoonekana kwenye picha (dakika, sekunde, fremu). Omba pia maongezi yaje kwenye faili lake, peke yake.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 angalau. GB 16 ni raha zaidi.
- Programu ya kutungia inayoweza kucheza video. Reaper ni nyepesi, unaijaribu ikiwa kamili kwa siku 60, na leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60.
- Sauti za okestra. BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio hutolewa bure, ni ndogo kupakua, na ina makundi yote ya nyuzi. Kwa kazi ya utulivu inatosha kabisa; usiache kuanza kwa sababu huna maktaba ya sauti ya mamilioni.
- Kibodi ya MIDI (kinanda kinachotuma noti kwenye kompyuta) yenye gurudumu au kitelezi. Hata ya oktava mbili inafaa. Kitelezi ni muhimu kuliko wingi wa funguo, na utaona sababu kwenye hatua ya 6.
- Hedifoni zinazofunika masikio, na kifaa kibovu cha kupimia: spika ya simu au runinga ya nyumbani. Watazamaji wengi wataitazama hapo.
- Makubaliano ya maandishi na mtayarishaji, hata ukurasa mmoja: malipo, tarehe, idadi ya marekebisho, na nani anamiliki muziki.

Jambo moja la kumwomba mwongozaji kwa adabu: mara ya kwanza akuonyeshe filamu bila muziki wowote. Wahariri wengi huweka muziki wa muda walioutoa kwenye filamu nyingine. Ukishausikia hautoki kichwani, na utajikuta unaunakili bila kukusudia.

Hatua ya 1: Amua mahali ambapo muziki hautakuwepo

Kaa na mwongozaji, tazameni filamu yote, na kila sini mjiulize: hapa mwigizaji anahitaji msaada? Kama jibu ni hapana, andika "kimya" na muendelee. Filamu ya familia ya dakika 90 inaweza kusimama vizuri na muziki wa dakika 25 au 30. Anayeanza huogopa ukimya, akidhani mwongozaji ataona amefanya kazi nusu. Ukweli ni kwamba sini ya kimya ndiyo inayoipa uzito ile yenye muziki inayofuata.

Ugomvi karibu wote uache bila muziki. Watu wa familia wakirushiana maneno, maneno yenyewe yanatosha. Muziki una nafasi baada ya mlango kufungwa, mtu akibaki peke yake jikoni.

Andika orodha ya vipande vya muziki, kila kimoja na namba yake, muda wa kuingia, muda wa kutoka, na sentensi moja ya kueleza kinafanya nini. Sentensi hiyo isiwe "huzuni". Iwe kitu ambacho sura ya mwigizaji haisemi: "anataka kuomba msamaha ila hajui pa kuanzia." Ukikosa cha kuandika hapo, pengine kipande hicho hakihitajiki.

Kuanzia hapa nitatumia sini moja ya kubuni kama mfano. Binti amerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Mama amefariki wakati hayupo. Baba anatandika meza, na kwa mazoea anatoa vikombe vitatu. Anakiona cha tatu, anasita, anakirudisha kabatini. Binti ameona yote. Wanakaa. Sini nzima ina dakika 2 na sekunde 40.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wa kuingilia na wa kutokea

Wengi wangeingiza muziki pale baba anapotoa kikombe cha tatu. Usifanye hivyo. Mtazamaji bado hajaelewa, nawe umeshamwambia ahuzunike. Umemnyang'anya ugunduzi wake. Subiri baba akirudishe kikombe, kabati lifungwe, binti ainamishe macho. Tuseme ni sekunde ya 52. Ingia hapo, kwa noti moja tu, laini kiasi kwamba mtazamaji hajui imeanza lini.

Mlango wa kutokea ni mgumu zaidi. Mazoea ni kuuvuta muziki hadi sini inayofuata. Jaribu kutoka mapema: binti akishavuta kiti na kukaa, sekunde ya 146, muziki umeisha. Zinabaki sekunde 14 za vijiko, jogoo wa jirani na pumzi zao. Hizo sekunde 14 ndizo mtazamaji atakazozikumbuka.

Maingilio mazuri hujificha nyuma ya kitu: kelele ya gari linaloondoka, mlango, badiliko la picha, mtu kugeuza uso. Kuingia katikati ya sentensi ya mtu ni kumkatiza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwendo

Kipande chetu kina sekunde 94 (146 kutoa 52). Tunataka mwendo wa polepole, karibu mapigo 72 kwa dakika. Sekunde 94 mara 72, gawanya kwa 60: mapigo 112.8. Hayagawanyiki sawasawa kwenye vipimo vya mapigo manne, kwa hiyo tunachagua 112, yaani vipimo 28 kamili, na kurudi nyuma: 112 mara 60, gawanya kwa 94. Jibu ni 71.49. Weka namba hiyo kwenye programu yako na kipande kitaisha pale pale binti anapokaa.

Kila kipimo sasa kina sekunde 3.36. Tafuta maneno yako yanaangukia wapi. Katika sini yetu baba anasema, "Chai itapoa, mwanangu," kwenye sekunde ya 90. Kipimo cha 12 kinaanza sekunde ya 88.9 na kuisha ya 92.3. Maneno ya baba yanakaa ndani ya kipimo cha 12 chote. Kumbuka namba hiyo. Tuni yetu itaiheshimu.

Onyo: usijaribu kugonga kila tendo kwa noti. Kikombe kinawekwa, piano inalia. Macho yanainuka, fidla zinapanda. Hiyo inafaa katuni. Katika sini kama hii chagua pointi moja, kwa nadra mbili, na mengine yaache yapite yenyewe.

Hatua ya 4: Chagua ala chache, kisha punguza moja

Okestra kubwa ya nyuzi ina watu 50 au 60. Sini ya watu wawili mezani haiwahitaji. Anza na fidla ya pili (kundi la pili la fidla katika okestra), viola (kubwa kidogo kuliko fidla, na ya chini zaidi kwa sauti) na chelo. Besi iongeze pale tu picha inapopanuka, kwa mfano mtu anapotoka nje ya nyumba. Fidla ya kwanza iweke akiba kwa ajili ya sini moja ya mwishoni mwa filamu, ili itakapoingia mtazamaji aihisi ni mpya.

Tuni nani aipige? Wanaoanza hukimbilia chelo, kwa sababu sauti yake ya juu inafanana na ya binadamu na inagusa haraka. Ndiyo tatizo lenyewe: inagusa haraka mno. Viola ni ya haya zaidi. Sauti yake ina ukungu kidogo, haijitangazi, na kwa simulizi za ndani ya nyumba mimi huipa viola kwanza. Chelo naiacha chini, kwenye noti ndefu.

Kwa nyuzi za utulivu kuna namna mbili za kupiga zinazofaa kujua. Ya kwanza ni sordino, kibano kidogo cha mpira au mbao kinachowekwa juu ya daraja la ala ili kuifunika sauti. Ya pili ni kupitisha upinde mbali na daraja, juu ya ubao wa vidole. Sauti inakuwa ya pumzi, bila makali. Kama maktaba yako haina hizo, punguza masafa ya juu ya sauti ya kawaida taratibu kuanzia kilohezi 3 au 4. Si sawa kabisa na sordino, ila unakaribia.

Hatua ya 5: Andika tuni fupi yenye nafasi

Tuni ya filamu ya aina hii isizidi noti tano au sita. Haitakiwi kuwa wimbo ambao mtu ataondoka akiuimba. Inatakiwa irudi mara saba, nane ndani ya filamu bila kumchosha mtu.

Mfano wetu, do ikiwa F:

1. Kipimo cha kwanza: so ya chini (mapigo mawili), do (mawili).
2. Kipimo cha pili: re (matatu), mi (moja).
3. Kipimo cha tatu: do (manne).
4. Kipimo cha nne: kimya.

Hicho kipimo cha nne ndicho moyo wa tuni. Ukiirudia mara tatu, vipimo vya kimya vinaangukia cha 4, cha 8 na cha 12. Na cha 12 ndicho baba anachosemea. Tuni imenyamaza, baba amesema maneno yake matatu, tuni imeendelea. Mtazamaji hatajua kwa nini sentensi ile ilimfikia vile, lakini itamfikia.

Mara ya tano ukiirudia, badala ya kumaliza kwa do kwenye kipimo cha tatu, shuka la ya chini. Badiliko la noti moja linatosha kuonyesha kwamba kuna kitu kimehama baina ya watu hawa.

Sasa sauti za chini yake. Wana kwaya watatamani kujaza sauti nne kila pigo, jizuie.

- Chelo: do, kisha la ya chini, kisha fa ya chini zaidi. Noti moja kwa kila kipimo. Fa iendelee hadi ndani ya kipimo cha kimya, ikififia.
- Fidla ya pili: ishike so ya chini, ile ile ambayo viola imeanzia, vipimo vyote vitatu bila kuhama.

Sikiliza hiyo so. Haikusogea hata kidogo, lakini chelo inavyoshuka chini yake, rangi yake inabadilika: kwanza imetulia, halafu ina wasiwasi kidogo, mwishoni inaning'inia. Na siku viola itakaposhuka la, noti hizo mbili zitakaa bega kwa bega, so na la, zikikwaruzana kwa upole. Hicho ndicho kiasi cha uchungu ninachokishauri kwa sini ya chai. Kikizidi hapo, baba na binti watapotea.

Onyo la pili, na hili nalirudia kwa kila anayeniuliza: usikimbilie kordi za huzuni tupu kuanzia noti ya kwanza. Mfano huu uko kwenye ufunguo mkuu, ule wa furaha. Familia inayoumia ni familia iliyopendana, na upendo huo usikike ndani ya muziki.

Hatua ya 6: Zipe nyuzi za kompyuta pumzi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu ameandika noti nzuri, akaziacha zilivyo, na zinasikika kama kinanda cha bei rahisi. Noti ndefu ya upinde halisi haikai sawa hata sekunde moja. Inazaliwa, inajaa, inapungua.

1. Rekodi noti za sauti moja kwanza, kwa mkono. Kosa dogo la mapigo liache.
2. Rudi mwanzo, sasa rekodi kitelezi cha CC1 (amri namba 1 ya MIDI). Katika maktaba nyingi za nyuzi hiki ndicho kinachobadilisha nguvu ya upigaji wenyewe, si ukubwa wa sauti tu. Kwa muziki huu kikae kati ya 20 na 60, kwenye skeli ya 0 hadi 127. Kikipita 80, wapigaji wako wameanza kupaza.
3. Kisha CC11 (ukubwa wa sauti), kwa ajili ya kupanda na kushuka ndani ya kila sentensi ya muziki. Panda kuelekea re, shuka kwenye do. Mwisho wa kila sentensi usikate noti, izimishe.
4. Rudia kwa kila sauti peke yake. Usinakili mistari ya viola ukaibandika kwenye chelo. Watu watatu hawapumui kwa wakati mmoja.
5. Wahisha noti zianze kidogo kabla ya pigo, milisekunde 50 hadi 150 kutegemea maktaba. Sauti laini ya nyuzi huchelewa kuchanua, na usipofanya hivyo kila kitu kitasikika kama kinakokotwa.

Mwangwi uwe mmoja kwa ala zote, ili wakae kwenye chumba kimoja. Chumba chenyewe kisiwe kanisa kubwa. Sini iko sebuleni. Mwangwi wa sekunde 1.5 hadi 2 unatosha. Mwangwi mrefu ni njia ya haraka ya kufanya muziki usikike "wa filamu", na ni njia ya haraka pia ya kuwatoa watu wako ndani ya nyumba yao.

Hatua ya 7: Pisha maongezi

Sauti ya mwanamume akizungumza ina msingi wake takriban kati ya hezi 85 na 180, ya mwanamke kati ya 165 na 255. Konsonanti, zinazofanya maneno yaeleweke, ziko juu zaidi, karibu kilohezi 2 hadi 4. Maana yake kwa vitendo ni kwamba baba akizungumza, chelo isiwe na tuni, maana wanaishi chumba kimoja. Ibaki kwenye noti moja ndefu au inyamaze. Binti akizungumza, angalia viola.

Kinachosumbua maneno hasa ni noti kuhama. Sikio hufuata kitu kinachotembea. Noti iliyosimama chini ya maneno haimsumbui mtu. Tuni ya noti sita chini ya maneno sita ni mashindano. Epuka pia mwanzo mkali wa noti, kama piano au nyuzi za kudonolewa, juu ya neno lolote.

Weka faili la maongezi kwenye programu yako tangu siku ya kwanza. Usitunge siku tatu bila maongezi halafu ukayaongeza mwishoni. Muziki uliotungwa bila maneno hujaza kila nafasi, na nafasi hizo zilikuwa za wenyewe.

Hatua ya 8: Ukipata mpigaji mmoja wa kweli, mtumie

Viola au fidla moja halisi juu ya nyuzi za kompyuta hubadilisha kila kitu. Sikio humshika mtu aliye hai na kuwasamehe wengine. Na wapigaji wapo. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kinachofundisha tangu 2002, na vikundi vya taarabu ambavyo fidla, chelo na besi ni ala zao za kila siku. Nadi Ikhwan Safaa ina historia ya tangu 1905. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, na vijana waliokulia kwenye programu ya Ghetto Classics ya Korogocho. Mlipe, na jina lake liwe kwenye orodha ya filamu.

Mpigaji wa taarabu ni hodari wa kupamba. Kwa kipande kama hiki mwambie mapema kwamba unataka noti tupu, bila mapambo, bila kutetemesha kidole. Mwimbie tuni kwa mdomo, mwonyeshe sini yenyewe. Mara nyingi akishaona kikombe cha tatu hutahitaji kueleza zaidi. Halafu, kabla hajaondoka, mwombe apige mara moja apendavyo. Kuna filamu ambazo tuni ya fidla ya kitaarabu ndiyo inayozifaa kuliko chochote ulichokiandika, hasa kama hadithi yenyewe ni ya pwani.

Kurekodi: chumba kisicho na mabati juu kama ni msimu wa mvua, feni imezimwa, friji imechomolewa, godoro moja limeegemezwa ukutani. Maikrofoni iwe juu ya ala, umbali wa mita moja hadi moja na nusu, isielekee moja kwa moja kwenye daraja. Panga saa mnazojua hakuna adhana wala daladala zenye muziki. Rekodi kila kitu mara tatu hata ya kwanza ikiwa nzuri.

Hatua ya 9: Changanya na kukabidhi

Mimi huanzia muziki ukiwa karibu desibeli 15 chini ya maongezi, halafu naamua kwa sikio. Sikiliza kwenye spika ya simu: kama neno hata moja limepotea, punguza muziki, usiwaombe wapandishe maongezi.

Hamisha faili za WAV, kilohezi 48, biti 24, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya ukomo. Toa mchanganyiko kamili, na kila kundi la ala kwenye faili lake, ili mchanganyaji wa filamu aweze kushusha chelo bila kugusa viola. Jina la faili liwe na namba ya kipande, toleo, na muda wa kuingia.

Pamoja na faili, kabidhi karatasi ya vipande: jina la kila kimoja, urefu, mtunzi, wapigaji. Sajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania kuna COSOTA, Kenya kuna KECOBO. Na usiwahi kujazia pengo kwa rekodi ya muziki wa kale uliyoipakua mtandaoni. Mtunzi anaweza kuwa amekufa miaka 200 iliyopita, lakini rekodi ile mara nyingi ina wenyewe na wako hai.

Mambo yakienda kombo

*Mwongozaji anasema, "Kaka, umezidi."* Usianze kwa kushusha sauti. Ondoa ala moja umsikilizishe tena. Bado? Chelewesha kuingia kwa sekunde 10. Mara nyingi shida ni muziki kuwahi, na ukubwa wa sauti hauhusiki.

*Anasema, "Sisikii chochote, haunigusi."* Usiongeze fidla. Angalia kama tuni ina noti inayoning'inia popote, au kila sentensi inarudi do kwa usalama. Pia mwulize anasikilizia wapi. Kwenye spika ya laptopu chelo ya chini haipo kabisa.

*Nyuzi zinasikika za plastiki.* CC1 imelala mstari ulionyooka, au noti zote zina nguvu sawa na zinaanza kwenye pigo kamili. Rudi hatua ya 6. Kama umeandika kordi nzima kwa mikono miwili kwenye sauti moja ya "nyuzi zote", itenganishe. Kila sauti iwe na ala yake.

*Muziki unaachana na picha polepole.* Angalia kilohezi. Faili la 48 likichezwa kama 44.1 linakwenda polepole na kushuka karibu nusu-toni moja na nusu. Kama tuni si tu imechelewa bali pia imeshuka, umepata mchawi. Kama sauti iko sawa lakini muda hauko, uliza kasi ya fremu: filamu ya fremu 24 ikichezwa kwa 25, sekunde zako 94 zinakuwa 90 na kidogo.

*Wamekata sekunde nne baada ya picha kufungwa.* Itatokea. Usibadilishe mwendo wa kipande kizima kuziba pengo. Tafuta kipimo kimoja cha kimya ukiondoe, sekunde 3.36 zimepatikana, na iliyobaki imezwe na noti ya mwisho ya chelo. Hii ni faida nyingine ya kuandika muziki wenye nafasi.

*Sini mbili zinasikika sawa.* Tuni iache, badilisha mpigaji. Ipe fidla ya pili kile viola ilichopiga, au iache chelo peke yake na zile noti zake tatu, tuni isikike kwa kutokuwepo.

*Mwongozaji ameuzoea muziki wa muda, kila unacholeta hakitaki.* Mwombe atazame sini mara mbili mbele yako: mara ya kwanza bila muziki wowote, mara ya pili na wako. Usimwekee ule wa muda katikati. Kisha usimuulize kama umependeza. Muulize ni wapi alimuona binti vizuri zaidi, na utunge upya kutokea hapo.